Kuku, Tope na Mjusi wa Tendaguru: Namna ya Kuwafundisha Watoto Wadogo Visukuku

Swali ambalo watoto wadogo hawakawii kuliuliza wakionyeshwa picha ya dinosaria ni hili: "Mwalimu, alikuwa anakula watu?" Mwalimu mwenye haraka hujibu kwamba hapana, wakati huo watu walikuwa hawajakuwapo, kisha hufunua ukurasa unaofuata. Jibu ni sahihi, ila limemwacha mtoto palepale. Kwake kuna leo, kuna jana na kuna zamani, basi. Katika zamani hiyo ndimo alimozaliwa bibi, ndimo walimoishi machifu wa vitabuni, na ndimo Sungura na Fisi walimokuwa wakizungumza. Dinosaria naye huingizwa humohumo, akawa jirani yao.

Mtoto wa namna hii anaweza kukariri majina kumi ya dinosaria, na watoto wana kipaji cha ajabu cha kuyashika majina hayo magumu, lakini asiwe amejifunza lolote kuhusu wanyama wenyewe. Kinachokosekana ni jambo moja: tunajuaje? Hakuna mtu aliyewaona. Katuni alizozitazama kwenye simu ya mama zimechorwa na mtu ambaye naye hakuwaona. Ikiwa somo la dinosaria lina kazi yoyote kwa watoto wa miaka mitano hadi minane, kazi hiyo ni kuwafikisha kwenye swali hilo na kuwapa njia ya kulijibu kwa macho na mikono yao. Kwa kipimo hicho, baadhi ya shughuli za darasani zinazopendwa sana zinapwaya, na nyingine za bei ya bure zinang'aa.

Mahali pa kuanzia ni kwenye nyayo, kabla ya kugusa mfupa wowote. Asubuhi baada ya mvua uwanja wa shule umejaa alama: kuku, mbuzi, mbwa, kandambili za waliowahi namba. Watoke nje, waulizwe nani kapita hapa, alikuwa akielekea wapi, alikuwa peke yake au na wenzake, alitembea au alikimbia. Watoto hujibu maswali haya bila kusitasita, tena kwa ubishi. Hawajamwona mbuzi, lakini wanajua mbuzi kapita, na wanaweza kukuonyesha kwa kidole kwa nini wanasema hivyo. Kazi ya mtaalamu wa visukuku huanzia hapo.

Wakirudi darasani, kundi moja likandamize vitu kwenye udongo wa mfinyanzi wakati kundi jingine limegeuka ukutani: jani la mwembe, kombe la baharini, mguu wa kuku uliochemshwa, soli ya kiatu. Kundi la pili litazame alama na kutaja kilichoziacha. Baada ya hapo mwalimu amimine jipsamu iliyochanganywa na maji, ule unga mweupe wa mafundi wa dari unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ikikauka na kubanduliwa, watoto wanapata vitu viwili: shimo lililoachwa na kombe, na umbo la kombe lililojaza shimo. Visukuku vingi vya makombe ni vya namna hizo mbili, na kombe lenyewe lilishayeyuka zamani. Jipsamu hutoa joto inapoganda, kwa hiyo mwalimu aichanganye mwenyewe na asimruhusu mtoto kutumbukiza mkono ndani. Saruji isitumike kabisa kwa sababu inaunguza ngozi. Vitabu vingi vya ng'ambo hushauri kinyunga cha unga wa ngano na chumvi. Huku kwetu mzazi akisikia unga umegeuzwa wa kuchezea atafika shuleni kabla ya kengele ya mapumziko, na atakuwa na haki. Udongo unatosha.

Wakiwa bado na tope mikononi, wasimulie habari za Laetoli, kusini mwa Olduvai kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 1976 wanasayansi waliokuwa kwenye msafara wa Mary Leakey walikuwa wakitaniana kwa kutupiana vinyesi vikavu vya tembo. Mmoja wao, Andrew Hill, akajitupa chini kukwepa, na pale chini akaona alama za wanyama kwenye mwamba. Miaka miwili baadaye zikapatikana nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, zenye umri wa miaka milioni 3.66. Volkano ilikuwa imemwaga majivu, mvua ikayalowesha, wanyama wakapita, jua likayakausha, na majivu mengine yakafunika. Zipo humo alama za kanga, sungura na tembo, hata vishimo vya matone ya mvua. Darasa litacheka kwa sababu ya vinyesi, na kicheko hicho ndicho kitakachoibeba habari hadi nyumbani.

Kuna shughuli moja ya jamii hii ambayo ningeiacha: kumpa mtoto sanamu ya plastiki ya dinosaria aikandamize kwenye udongo. Inapendeza kwenye picha za kupeleka kwa wazazi, lakini imempa jibu kabla ya swali. Anajua tangu mwanzo ni nani aliyeacha alama, hivyo hana cha kutafuta.

Mfupa ni hatua ngumu zaidi, maana hapa watoto, na watu wazima wengi pia, huamini kwamba kilichochimbwa ni mfupa uleule wa mnyama uliokaa sana ardhini. Waulizwe kwanza mfupa wa ng'ombe uliotupwa nyuma ya jiko la shule umeenda wapi. Watasema mbwa kachukua, umeoza, mvua imeusomba. Ndiyo hali ya karibu kila mnyama aliyepata kufa duniani: hakuacha kitu. Ili mfupa udumu ni lazima ufunikwe mapema, kwa tope la mto, mchanga wa pwani au majivu ya volkano. Baada ya hapo maji ya ardhini hupenya polepole kwenye vitundu vyake yakiwa yamebeba madini. Madini hubaki yakijaza vitundu, na mara nyingi huchukua hata nafasi ya mfupa wenyewe, hadi kinachobaki kina umbo la mfupa na uzito wa jiwe.

Maneno hayo ni mengi kwa mtoto wa darasa la kwanza. Mpe sponji. Ikatwe umbo la mfupa, iloweshwe kwenye maji ya vuguvugu yaliyokolezwa chumvi mpaka chumvi igome kuyeyuka, kisha ianikwe juani siku kadhaa. Maji yanaondoka, chumvi inabaki ndani ya vitundu, na sponji iliyokuwa ikibonyea inakuwa ngumu na nzito kuliko mwanzo. Mtoto aishike ile iliyoloweshwa kwenye chumvi mkono mmoja, na isiyoloweshwa mkono wa pili. Hapo hahitaji maelezo marefu.

Ipo shughuli nyingine maarufu ya mfupa, ya kuloweka paja la kuku lililochemshwa na kusafishwa ndani ya siki kwa wiki moja. Asidi ya siki huyeyusha kalsiamu, na mfupa unapinda kama mpira. Watoto hushangilia, na wana sababu. Lakini itumike kwa uangalifu, kwa sababu inaonyesha kinyume cha kilichotokea ardhini. Siki imetoa madini. Kisukuku hutokea madini yanapoingia. Nimesoma mipango ya masomo inayoiweka shughuli hii chini ya kichwa cha namna visukuku vinavyotengenezwa, nayo inampoteza mtoto. Faida yake ya kweli ni kuonyesha kwamba ugumu wa mfupa unatokana na madini, na kwamba udongo wenye asidi humaliza mifupa. Siki ikitangulia halafu sponji ikafuata, somo linakaa sawa.

Sasa tuje kwenye ile shughuli ambayo kila shule yenye somo hili huifanya: kuzika mifupa ya kuku kwenye sanduku la mchanga na kuwapa watoto brashi. Kwa kawaida huishia kuwa mashindano. Mwenye mifupa mingi ndiye mshindi, mchanga umetapakaa, na mtoto ametoka akiamini kwamba elimu ya visukuku ni kutafuta hazina. Kosa hili linasahihishwa kwa uzi tu. Sanduku ligawanywe kwa nyuzi katika miraba, kila kundi lipewe mraba wake na karatasi yenye miraba ileile, na kanuni iwe moja: hakuna mfupa unaoinuliwa kabla ya kuchorwa pale ulipolala. Walioinua bila kuchora watajionea wenyewe baadaye. Watakapojaribu kuunga mifupa ya kuku wao upya juu ya meza, watakuwa na rundo, na wenzao waliochora watajua bawa lilikuwa upande gani.

Mifupa hiyo izikwe katika tabaka tofauti: mchanga, juu yake udongo mwekundu, juu yake majivu ya jikoni. Kilicho chini kilitangulia kuzikwa. Watoto wakiwekewa kabla ya hapo chupa yenye maji, kokoto, mchanga na udongo, ikatikiswa kisha ikaachwa itulie, wataona namna vitu vinavyotuama kwa mpangilio bila mtu kuvipanga.

Na hapa ndipo mwalimu wa Afrika Mashariki ana bahati ambayo wenzake wengi duniani hawana, kwa sababu anaweza kusema kwamba kazi hii ilifanyika kwetu. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, alikuta mifupa mikubwa imejitokeza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi. Mwaka 1907 akaja mtaalamu Eberhard Fraas kuhakikisha, na kuanzia 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin likaendesha uchimbaji chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Waliochimba walikuwa Waafrika, mamia yao kwa wakati mmoja, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyekuwa na ujuzi wa kuitambua na kuitoa mifupa hiyo bila kuivunja. Mashimo yalipewa alama, mifupa ikachorwa na kuandikwa namba, ikafungwa, kisha ikabebwa na wapagazi kichwani na mabegani kwa takriban kilometa 60 hadi bandarini Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa.

Mwambie mtoto jina la Boheti kabla ya jina la Janensch. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake, karibu miaka mia moja baada ya kazi aliyoifanya. Kwa watoto wa Kenya, jina la kwenda nalo pamoja ni la Kamoya Kimeu, aliyekiona mwaka 1984 kipande cha fuvu pale Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kipande hicho kiliwafikisha wachimbaji kwenye sehemu kubwa ya mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mtoto aliyekwisha kuchora mraba wake wa mchanga anaelewa vizuri zaidi kazi ya watu hawa kuliko aliyehadithiwa tu kwamba walivumbua.

Mnyama mashuhuri wa Tendaguru ni Giraffatitan, yule ambaye wengi wanamfahamu kwa jina la mjusi wa Tendaguru. Mifupa yake, iliyounganishwa kutoka kwa wanyama zaidi ya mmoja na kujaziwa sehemu zilizokosekana, ilisimamishwa Berlin mwaka 1937, ikapangwa upya mwaka 2007, na urefu wake wa kwenda juu ni mita 13.27. Iwapo arudi au abaki huko ni mjadala ambao umefika bungeni Tanzania zaidi ya mara moja, na mtoto akiuliza kwa nini mnyama wetu yuko Ulaya ajibiwe bila kuzungushwa: nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Lakini tarakimu 13.27 haimwambii kitu. Pimeni uwanjani kwa kamba, mchore mstari kwa majivu, kisha watoto walale juu yake mmoja baada ya mwingine, kichwa cha huyu kikigusa nyayo za yule. Watahitajika kumi na mmoja au kumi na wawili. Wakishainuka, wasimame mwisho wa mstari na kutazama mwanzo wake, halafu waambiwe kwamba mnyama huyu alikula majani tu. Swali la kula watu hapo huanza kufa lenyewe.

Wa pwani wana jambo la ziada. Katika miamba ya Tendaguru, tabaka zenye mifupa ya dinosaria zimepishana na tabaka zenye makombe ya baharini. Kombe lile ambalo mtoto alilikandamiza kwenye udongo siku ya kwanza linapata kazi mpya: likikutwa ndani ya mwamba mbali na ufuo, bahari ilifika pale. Mwacheni afikie hitimisho hilo mwenyewe. Ni furaha ambayo mwalimu hapaswi kumnyang'anya.

Nimeuweka wakati mwishoni kwa makusudi, ingawa ndiyo shida tuliyoanza nayo. Mtoto ambaye bado anapambana na kuhesabu hadi mia hawezi kubeba milioni 150, na kumtajia milioni mara nyingi hakumfanyi aielewe. Kinachowezekana ni mpangilio: nani alitangulia, nani akafuata, na nani alikuwa mbali na nani. Tafuteni kamba ya katani ndefu au mtumie mstari wa uwanja wa mpira, kila sentimita moja ikiwa miaka milioni moja. Umri wa dunia utachukua mita 45 na nusu hivi, chini kidogo ya nusu ya uwanja wa kawaida. Mtoto mmoja asimame mwanzo, dunia inapozaliwa, na mwalimu asimame mwisho, leo. Dinosaria wa kwanza watasimama mita 2.3 tu kutoka kwa mwalimu. Giraffatitan atasimama mita moja na nusu. Sentimita 66 kutoka kwa mwalimu ndipo dinosaria wakubwa walipotoweka, baada ya jiwe kubwa kutoka angani kuipiga dunia sehemu ambayo leo ni Mexico. Nyayo za Laetoli ziko sentimita nne kasoro kidogo kutoka mwisho, na binadamu wa aina yetu ni milimita tatu. Mtoto aweke ukucha wake pale.

Kamba hii hufichua jambo linalowashtua hata walimu. Tyrannosaurus, yule mla nyama wa Amerika Kaskazini anayepatikana katika kila pakiti ya sanamu za plastiki, yuko karibu na sentimita ya 67. Kati yake na Giraffatitan kuna zaidi ya sentimita 80. Kwa maneno mengine, yuko karibu zaidi na sisi kuliko na mnyama wa Tendaguru, na kuwachora wawili hao wakipigana ni kumdanganya mtoto. Kwa darasa la awali ningeacha tarakimu zote na kubaki na watoto walioshika kamba katika nafasi zao. Wa darasa la pili na la tatu wanaweza kupima wenyewe kwa rula, na hapo hisabati imepata kazi ya maana.

Je, dinosaria wameisha? Hapa mwalimu ana jibu la kufurahisha, nalo linatembea nje ya dirisha. Ndege walitokana na dinosaria wadogo waliotembea kwa miguu miwili, na wataalamu wa leo huwahesabu ndege kuwa tawi la dinosaria lililosalimika. Watoto wamtazame kuku: magamba ya miguu, vidole vitatu mbele, ule mfupa wa kidari wenye pacha mbili ambao watoto hugombea kuuvunja mezani. Kisha wamtazame mjusi ukutani anavyotambaa, miguu imetanuka kando ya mwili. Kuku miguu yake iko chini ya mwili, ikiubeba, na ndivyo ilivyokuwa kwa Giraffatitan. Kwa ukoo, kuku yuko karibu zaidi na yule mkubwa wa Tendaguru kuliko mjusi, ambaye jina lake ndilo tunalomwitia. Watoto watakaokwenda nyumbani na kumwambia bibi kwamba kitoweo cha Jumapili ni dinosaria waandaliwe kwa kicheko.

Kupaka rangi picha za dinosaria, kazi inayojaza nusu ya vitabu vya somo hili, sisemi ina ubaya. Lakini rangi ya Giraffatitan haijulikani. Basi kila mtoto achague yake na aseme sababu: kijani ajifiche msituni, kijivu kwa sababu tembo ni wa kijivu, nyekundu kwa sababu anaipenda. Sababu mbili za kwanza ni hoja, ya tatu ni hiari, na mtoto anayeweza kuzitofautisha amepiga hatua kubwa kuliko aliyejaza picha bila kutoka nje ya mstari.

Yatakuja pia maswali ya dini, hasa kwenye kamba. Mtoto akiuliza kama Mungu ndiye aliyewaumba, mwalimu hana haja ya kugeuza darasa kuwa uwanja wa mabishano. Amwambie kwamba swali hilo aliulize nyumbani na kwa shehe au mchungaji wake, na kwamba shuleni tunatazama kilicho ndani ya mwamba na kupima umri wake. Asibadilishe tarakimu ili kumridhisha mtu, wala asiikejeli imani ya mtoto.

Ombi la mwisho ni la walimu walio Lindi, Songwe, bonde la Ruhuhu, Turkana au popote penye visukuku. Somo hili likifanikiwa, watoto wataanza kuokota mawe na kuyaleta darasani. Wafundisheni mapema kwamba jiwe linalofanana na mfupa huachwa pale lilipo, kama mfupa ulivyoachwa kwenye mraba wa mchanga. Lipigwe picha, mahali pakumbukwe, na taarifa ipelekwe kwa afisa utamaduni wa wilaya au kwa makumbusho ya taifa. Sheria za Tanzania na za Kenya zinalinda visukuku, na kisukuku kilichoondolewa bila kumbukumbu ya mahali kilipolala hupoteza sehemu kubwa ya habari zake.